Mwisho unaujua tayari: uchukue riwaya ipi ya wanawake wa Kusini mwa Marekani?

Mwanamke ana miaka arobaini na kitu. Mume kamwacha, ama kafa akaacha madeni. Anarudi mji mdogo alikozaliwa, kwenye nyumba ya shangazi yenye baraza pana na bomba linalovuja. Ana mashoga wawili wenye ndimi kali. Yupo bibi kizee anayeijua siri ya ukoo na hataitoa mpaka kitabu kikaribie kuisha. Yupo pia mwanamume mpole, mkono wake umezoea nyundo, hana haraka. Kufika ukurasa wa thelathini umeshajua nani ataolewa na nani. Kufika wa mia umeshaiotea na siri ya bibi.

Hizo ndizo riwaya nyepesi za wanawake wa Kusini mwa Marekani, zile zenye jalada la kiti cha kubembea na bahari kwa mbali, na mimi nazisoma bila kuzificha ndani ya gazeti. Wanaozibeza husema zinatabirika. Kweli, zinatabirika. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha huko, Romance Writers of America, kililiweka waziwazi: pasipo mwisho wenye matumaini na wa kuridhisha moyo, hicho si kitabu cha mapenzi. Riwaya hizi za Kusini hazimo zote ndani ya boma hilo, maana nyingine habari yake kubwa ni undugu au urafiki, lakini desturi ya mwisho mwema zimeirithi. Kulalamika kwamba mwisho ulijulikana ni kama kwenda harusini ukarudi unanung'unika kwamba bibi na bwana wameoana.

Hata hivyo zipo zinazotabirika zikakuchosha, na zipo zinazotabirika ukakesha nazo. Tofauti yake, kwa jinsi ninavyoziona, haihusu mapenzi hata kidogo. Inahusu kazi. Mwandishi anayeijua kazi ya shujaa wake, bei zake, zana zake, wateja wake wasumbufu na saa anayoamka, hukupa sababu ya kufungua ukurasa unaofuata hata kama posa umeiona ikija tangu mbali. Asiyeijua kazi hiyo hujaza nafasi kwa divai na machozi.

Kipimo changu cha pili ni jiko: nani anapika, na anaruhusiwa kusema nini. Kusini ndiko yaliko majimbo 11 yaliyojitenga ili kulinda utumwa, yakapigana vita vya 1861 hadi 1865 na kushindwa, kisha yakaishi na sheria za ubaguzi mpaka miaka ya 1960. Kitabu chepesi kina ruhusa ya kutosimulia yote hayo. Hakina ruhusa ya kumweka mwanamke mweusi jikoni akikoroga sufuria na kutoa hekima kwa kurasa mia tatu huku yeye mwenyewe hana nyumba, hana hasira wala mipango ya Jumapili.

Kwa vipimo hivyo nimepanga vitabu sita, viwili viwili.

Walioachwa na waume: Savannah Blues na Stealing Home

Vinaanzia mahali pamoja, mume na mwanamke mwenye umri mdogo, halafu kila kimoja kinashika njia yake.

Savannah Blues, iliyotoka 2002, ni ya Mary Kay Andrews. Jina lake halisi ni Kathy Hogan Trocheck. Alikuwa ripota wa Atlanta Journal-Constitution, akaandika riwaya za upelelezi kwa jina lake, ndipo akachukua jina la kalamu kwa vitabu vya kuchekesha zaidi. Uripota huo unaonekana. Shujaa wake, Weezie Foley, ni mchakuraji wa vitu vya kale: anazungukia nyumba za marehemu ambazo vyombo vyake vinauzwa, minada, hata takataka za mitaa ya wenye nazo, ananunua kwa dola chache na kuwauzia wenye maduka. Talaka imemwachia kijumba cha uani, ambacho zamani kilikuwa banda la magari ya farasi. Nyumba kubwa ya mbele, aliyoikarabati yeye mwenyewe, imebaki kwa mumewe Tal na mchumba mpya, Caroline. Akichungulia nje anawaona. Mwandishi hana haja ya kutuambia kwamba roho inamuuma.

Kisa kinawaka kwenye shamba moja la kale liitwalo Beaulieu, ambako vyombo vya marehemu vinakaribia kuuzwa. Katika minada ya namna hii anayetangulia mlangoni ndiye anayepata, kwa hiyo watu wa kazi hiyo hupanga foleni kabla hakujakucha, wana tochi, wana chupa za kahawa, na wanachunguzana kwa kijicho. Weezie anaingia ndani kabla ya wakati, na anachokutana nacho humo ni maiti ya Caroline. Kuanzia hapo ana kesi ya kujinasua, ana mpishi mmoja anayemzungukazunguka, na ana kabati la kale analolitamani pengine kuliko uhuru wake.

Muuaji utamhisi kabla ya polisi, na mpishi ndiyo usiseme. Haidhuru. Utakachobaki nacho ni jicho. Samani ya kale hutambulika ndani kuliko nje: unavuta droo, unatazama maungio ya pembeni, na meno yaliyokatwa kwa mkono huwa hayalingani, wakati ya mashine yamepangika kama ya bandia. Unageuza kiti chini juu kabla ya kuuliza bei. Wauzaji wa makasha ya Zanzibar wanaujua mchezo huo vizuri, na ukishasoma kitabu hiki utaingia kwenye duka lolote la vitu vya kale ukiwa mteja msumbufu. Mji wenyewe nao unatembea pamoja na hadithi. Savannah ulipangwa na James Oglethorpe mwaka 1733 kwa viwanja vya mraba vyenye miti. Vilifika 24, na 22 vipo hadi leo. Weezie anavikatiza ndani ya gari lake la mizigo akijua kila nyumba ni ya nani na nani karibu atafariki.

Stealing Home ya Sherryl Woods, iliyotoka 2007, ni ya upole zaidi. Maddie Townsend ana watoto watatu. Mumewe, daktari, amempa mimba nesi wake na sasa anataka kumuoa. Mashoga zake ni Helen, mwanasheria, na Dana Sue, mwenye mgahawa. Wote watatu wanaamua kugeuza nyumba moja kuukuu kuwa mahali pa wanawake kufanya mazoezi, kukandwa na kunywa kitu cha baridi. Mwanamume mpole hapa ni kocha wa besiboli wa mwanawe, tena mdogo kwake kwa umri, na mji mzima wa Serenity, Carolina ya Kusini, unapata la kusema. Mji huo ni wa kubuni, lakini umbea wake ni wa kweli kabisa. Waliokulia mji ambao mkopo wako wa dukani unajulikana na jirani kabla mama yako hajajua wataelewa kwa nini Maddie anaogopa kuonekana akila piza na kocha.

Tatizo langu na kitabu hiki ni ile kazi. Biashara ya wanawake watatu ingeweza kuwa tamu: nani katoa mtaji, nani anachelewa kazini, fundi gani kala fedha. Woods anaigusa na kuipita. Mambo magumu yanatatuliwa jioni moja, kwa jagi la kokteli na kukumbatiana. Ukiniuliza bei ya uanachama wa mwezi pale kwao, sijui, na nadhani hata Maddie hajui. Ila kwenye watoto Woods hakosei. Kijana mkubwa anayekataa kuongea na baba yake ameandikwa vizuri kabisa, na ukimya wake mezani una uzito kuliko talaka yenyewe.

Kwa hiyo mwenye nafasi ya kitabu kimoja achukue Savannah Blues. Anayetaka kitu cha kuishi nacho miezi kadhaa, Stealing Home ndiyo ya kwanza kati ya riwaya 11 za mfululizo wa Sweet Magnolias, na Netflix wamekuwa wakiionyesha kama tamthilia tangu Mei 2020, na picha zake zimepigwa Covington, Georgia. Hii ni kazi adimu ambayo naona skrini imeizidi karatasi, kwa sababu waigizaji wanajaza zile nafasi alizoruka mwandishi.

Wenye kupika: Garden Spells na Before I Let Go

Hapa uchaguzi ni mgumu, kwa kuwa vyote viwili ni vizuri na havifanani hata kidogo.

Sarah Addison Allen ni mwenyeji wa Asheville, Carolina ya Kaskazini, na Garden Spells yake ya 2007 inakaa kwenye mji wa kubuni wa jimbo hilohilo, Bascom. Claire Waverley anapika kwenye shughuli za watu: harusi, karamu, vikao vya akina mama. Malighafi yake ni maua ya bustani ya ukoo wao, na kila ua lina kazi. Yapo yanayomsaidia mlaji kutunza siri. Yapo yanayowafanya watoto wawe na fikra. Claire anapotaka jirani yake mpya, mwalimu wa sanaa anayemtazama sana, amsahau, anampikia ua la kumpoza. Halifanyi kazi. Nyuma ya nyumba kuna mtofaa unaorusha matunda yake kwa watu, na anayekula tunda lake huona tukio kubwa kuliko yote ya maisha yake, liwe la heri au la shari. Ndiyo maana familia inayazika matofaa hayo.

Dada yake, Sydney, anarudi na mtoto baada ya miaka mingi, akimkimbia mwanamume anayempiga. Hapo ndipo kitabu kinapoonyesha kwamba wepesi wake si ujinga. Mama anayemfundisha mtoto kutotaja jina la mji walikotoka hahitaji maelezo marefu. Na yupo Evanelle, mzee wa ukoo, ambaye hujikuta akisukumwa kumpelekea mtu kitu bila kujua kwa nini, kisha siku au miaka ikapita na kitu hicho kikahitajika kweli. Nimesoma riwaya nyingi zenye bibi mwenye hekima. Evanelle hana hekima yoyote, ana kifurushi tu mkononi na aibu kidogo ya kubisha hodi, na ndiyo sababu nampenda.

Msomaji wa Kiswahili hatashtushwa na mti wenye mambo yake. Jambo la kumtahadharisha ni jingine: shari yote ya kitabu hiki imebebwa na mtu mmoja, na inamalizwa na mti. Ukipenda riwaya ambazo binadamu wanatatua mambo yao wenyewe, utaona umepewa njia ya mkato.

Before I Let Go ya Kennedy Ryan ni ya 2022. Mwandishi huyu alikuwa miongoni mwa waandishi weusi wa kwanza kupata RITA, tuzo ya kile chama cha Romance Writers of America, mwaka 2019, ingawa tuzo hiyo ilikuwa imekwisha tolewa kwa miongo kadhaa. Yasmen na Josiah Wade wameachana lakini bado wanaendesha pamoja mgahawa wao Atlanta, uitwao Grits, na kulea watoto wawili. Wamefiwa na shangazi aliyewalea kimapishi, kisha wakapoteza mtoto aliyezaliwa mfu, na Yasmen akazama kwenye sonona mpaka ndoa ikamponyoka. Watarudiana? Jalada lenyewe limeshakujibu. Swali la kitabu ni gharama: nani anaomba radhi kwanza, nani anakubali kwenda kwa mshauri nasaha, na mwanamume aliyefundishwa kwamba dume haliongei ataanza kuongea kwa neno lipi.

Na kazi ipo. Mgahawa una hesabu, una mpishi mpya ambaye Josiah anatoka naye kimapenzi, una usiku ambao wanandoa waliotalikiana wanapishana kwenye korido nyembamba wakibeba sahani huku wateja wanawaangalia. Chakula chake kitamgusa msomaji wa huku kwa sababu ya kawaida sana: ni chakula anachokijua. Mboga ile ya majani mapana inayochemshwa na nyama Kusini mwa Marekani ni ndugu wa damu wa sukuma wiki. Bamia na kunde zilivuka Atlantiki katika historia ileile ya merikebu za watumwa, na kunde na wali ndicho chakula cha bahati siku ya Mwaka Mpya. Grits yenyewe ni mahindi meupe yaliyosagwa chenga na kupikwa laini. Mtu wa Iringa atakula bila kuuliza, atashangaa tu kuona imewekewa jibini na kamba.

Tofauti nyingine ni ya faragha. Allen anafunga mlango wa chumba cha kulala. Ryan anauacha wazi kabisa, tena zaidi ya mara moja. Kama kitabu chako husomwa na binti wa kidato cha pili mara tu ukikiweka mezani, ulijue hilo mapema.

Ninavyovipanga: Garden Spells kwa mwenye uchovu, Before I Let Go kwa aliyewahi kupita msiba na hataki kudanganywa kuhusu jinsi unavyoisha. Ya pili ni nzito kuliko jina la riwaya nyepesi linavyoruhusu. Naihesabu humu kwa sababu ya mwisho wake, na kwa sababu orodha ya Kusini isiyo na mwanamke mweusi anayemiliki mgahawa, badala ya kuufagia, ni orodha pungufu.

Nyumba ya zamani: Sullivan's Island na Fried Green Tomatoes

Huku ndiko kipimo changu cha jiko kinapouma.

Dorothea Benton Frank, aliyefariki 2019, alikulia Sullivan's Island, kisiwa kwenye mlango wa bandari ya Charleston, na riwaya yake ya kwanza ina jina hilohilo. Susan anamkuta mumewe kitandani na mwanamke mwingine, anarudi kisiwani kwenye nyumba ya familia ambako dada yake anaishi, na kumbukumbu zinarudi mwaka 1963, alipokuwa msichana na dada wa kazi mpya, Livvie, akaingia nyumbani kwao. Livvie ni Mgullah, kizazi cha Waafrika waliofanyishwa kazi kwenye mashamba ya mpunga ya pwani ile na ambao kwa sababu ya kuishi kando walibaki na lugha yao na mengi ya mila zao.

Frank anaiandika pwani kama mtu aliyeota jua lake: harufu ya tope la bwawa maji yakipwa, kaa wa kuchemsha, sauti ya mlango wa wavu ukijibamiza. Nyumba ndiyo shujaa. Kazi ya Susan haina nafasi kubwa, na kwa kipimo changu cha kwanza kitabu kinapata alama za kati. Kwa cha pili kinapata chache zaidi. Livvie anapendwa, analiliwa, anasifiwa, na karibu kila anachofanya anakifanya kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Watoto wake mwenyewe tunawasikia kwa mbali.

Na kisiwa chenyewe kina kumbukumbu nzito kuliko kitabu. Katika karne ya 18 meli za watumwa zilizoelekea Charleston zilisimamishwa hapo, na Waafrika wakawekwa karantini kabla ya kupelekwa sokoni. Mwaka 2008 mwandishi Toni Morrison alifika kushuhudia benchi la chuma likiwekwa kisiwani kwa ajili yao, mahali pa kuketi na kukumbuka. Ukisoma riwaya ya Frank baada ya kulijua hilo, upepo wa baharini unabadilika kidogo. Sisemi usiisome. Nasema uisome ukijua baraza lile limejengwa wapi.

Lawama hiyo si ya Frank peke yake. The Help, riwaya iliyotoka 2009 na kuwa filamu 2011, ilijaribu kuwapa sauti wafanyakazi wa nyumbani wa Jackson, Mississippi, na bado Viola Davis, aliyeigiza mmoja wao, alisema mwaka 2018 kwamba anajutia kuikubali kazi ile kwa kuwa mwishowe sauti za wale akina mama hazikusikika. Nimeiacha nje ya sita hizi kwa sababu hiyohiyo, na kwa sababu tayari umeshaambiwa uisome na watu wengi wa kutosha.

Fried Green Tomatoes at the Whistle Stop Cafe, ya Fannie Flagg, ilitoka 1987. Flagg ni mzaliwa wa Birmingham, Alabama, na mgahawa wake wa kubuni umetokana na ule uliokuwa wa shangazi mkubwa wa ukoo wao pale Irondale, nje kidogo ya mji huo. Katikati ya miaka ya 1980, Evelyn Couch, mwanamke mnene, mwenye huzuni na mfuko wa peremende, anasindikiza mumewe kwenye nyumba ya wazee kumtembelea mama mkwe asiyempenda. Anajificha kwenye ukumbi wa wageni, na bikizee mmoja, Ninny Threadgoode, anaanza kumsimulia. Kila wiki anarudi. Anayosimuliwa ni ya Idgie na Ruth, wanawake wawili waliofungua mgahawa kando ya reli mwaka 1929, wakapendana, wakalea mtoto, na wakalisha wenye njaa wa miaka ile ya mdororo wa uchumi bila kuwauliza walikotoka.

Mwisho wa Evelyn utautabiri: ataacha peremende, atapata kazi, atajifunza kukasirika. Mwisho wa mgahawa pia, kwani treni zikipungua mji wa reli hauna ujanja. Kilichobaki hukitabiri. Kitabu kimekatwakatwa, mara 1986, mara 1930, mara kipande cha gazeti la kijiji linaloandikwa na mama mmoja wa posta anayemsema mumewe kila toleo. Katikati ya kicheko kuna mwanamume aliyetoweka na mpelelezi aliyekuja kumtafuta, akala nyama choma ya mgahawa ule na kuisifia sana. Zaidi ya hapo simwagi mtama.

Jikoni wapo Sipsey, mwanawe Big George na mkewe Onzell. Flagg hakuwasafisha Wazungu wake: wateja weusi wanauziwa chakula kwa mlango wa nyuma, na hata kwa hilo tu watu wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, wanakuja kutisha. Idgie anaogopa kufungua mlango wa mbele, na kitabu kinasema hivyo. Familia ya Big George ina sura zake yenyewe, watoto wake mapacha wana maisha yao, mmoja anakwenda Birmingham mjini na hadithi inamfuata huko. Kuna maneno ya zama zile yatakayokukera, na kuna mahali ambapo Sipsey naye anageuzwa mama wa wote. Lakini yeye ana siri yake, na siri hiyo ndiyo inayoshika dari ya kitabu kizima.

Kazi nayo imejaa: nyama inachomwaje, kahawa inawekwa saa ngapi, mgahawa unaendaje siku ambayo hakuna mwenye senti. Mwishoni kuna mapishi. Nyanya mbichi unazikata vipande vinene, unazitia chumvi, unazipaka unga wa mahindi na kuzikaanga mpaka zishike rangi. Nimejaribu kwa nyanya za Ilula ambazo hazijaiva. Zinafaa, mradi mafuta yawe ya moto kweli na usizigeuzegeuze.

Filamu ya 1991, ya Kathy Bates na Jessica Tandy, ni nzuri na imeufanya uhusiano wa Idgie na Ruth uonekane kama urafiki tu. Kitabu hakina kificho hicho.

Mambo ya kuangalia kabla hujatoa fedha

Kiingereza chepesi kuliko vyote ni cha Woods, kisha Allen. Andrews ana mizaha ya haraka na majina mengi ya samani, unaweza kuyapita. Flagg anawaandika watu wanavyotamka, na kurasa za mwanzo zitakusumbua kidogo hadi sikio lizoee. Frank anamwandika Livvie kwa lafudhi ya Kigullah, soma kwa sauti na itaeleweka upesi.

Kwenye meza za vitabu vya mitumba, iwe Posta jijini Dar es Salaam au kando ya barabara katikati ya Nairobi, utakutana na Woods, Frank na Andrews kwa urahisi, kwa kuwa ni vitabu vya ufukweni ambavyo Wamarekani huvinunua kiangazi na kuvitoa sadaka kabla ya baridi. Angalia namba ya mfululizo kabla hujalipa. Kitabu cha saba cha Sweet Magnolias ukikianza bila vya mwanzo utahudhuria harusi ya watu usiowajua. Savannah Blues ina mwendelezo, Garden Spells ina First Frost ya 2015, na Kennedy Ryan ameendelea na mashoga wa Yasmen kwenye This Could Be Us ya 2024, lakini vyote vitatu vya kwanza vinasimama vyenyewe bila hivyo. Za Ryan bado ni mpya, kwa hiyo utazipata zaidi kwenye simu kuliko mezani. Kwa Waswahili walioko huko huko, Clarkston ya Georgia au Louisville ya Kentucky, ulizeni kwanza maktaba ya mtaa.

Kama hujawahi kusoma hata moja, anza na Savannah Blues, kisha Garden Spells. Usianze na Fried Green Tomatoes. Ndiyo bora kati ya sita, na ukiitanguliza utaanza kuzidai nyingine kile ambacho hazikuahidi kukupa, ukamchukia bure Maddie wa watu na kocha wake.